Mtaa wa Uhindini ni wetu kuliko tunavyokiri

Tangu Shirika la Nyumba la Taifa lilipozindua upya sera yake ya ubia, Novemba 2022, nyumba za zamani za katikati ya miji yetu zimeacha kuitwa nyumba. Zinaitwa viwanja. Mwekezaji analeta fedha, Shirika linaleta ardhi, na kilichosimama juu ya ardhi hiyo kinatazamwa kama kifusi kilichochelewa kuanguka. Mazungumzo hayo yakifika Uhindini, mtaa wa maduka wa enzi ya ukoloni, iwe wa Mbeya au wa Iringa, hugeuka haraka kuwa mazungumzo ya asili na ukoo. Mmoja atasema yale ni mabaki ya ukoloni na ya wafanyabiashara wa Kihindi ambao watoto wao wako Canada na Uingereza, kwa hiyo yabomolewe. Mwingine atajibu kwamba ni urithi wa Wahindi, uhifadhiwe, watalii waje wapige picha. Wanagombana, lakini kuna jambo moja wanalokubaliana bila kujua: kwamba historia ya mtaa ule ni ya watu wengine. Mimi nasema hapo ndipo wote wawili wanapokosea, na kwamba kosa hilo ndilo litakalotufanya tuamue vibaya.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mji wa Mbeya ni wa miaka ya 1920. Nyumba za kupangisha zilitaifishwa Aprili 1971. Maana yake ni kwamba hata duka la kwanza kabisa kujengwa pale, kama liliangukia katika sheria ile, lilikaa mikononi mwa aliyelijenga na warithi wake kwa muda usiofika miaka 50, na limekaa mikononi mwa umma kwa zaidi ya miaka 50. Kwa nyumba iliyojengwa 1955 tofauti ni kubwa zaidi: miaka 16 ya Mhindi, nusu karne na ushei ya Serikali na wapangaji wake. Jina la mtaa limebaki palepale kama bango la duka lililobadilisha mwenyewe mara tatu. Iringa hesabu inakwenda tofauti, kwa kuwa mji ule ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896 na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walifuata vituo vya Wajerumani mapema. Lakini hata huko, anayeishi leo kwenye nyumba hizi na anayefungua duka kila asubuhi mara nyingi si mjukuu wa aliyelijenga.

Ilikuwaje mtaa huu ukazaliwa? Kwa Mbeya jibu linaanza na dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Wachimbaji walianza kumiminika miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1930 Lupa ilikuwa imevuta Wazungu wenye leseni na maelfu ya vibarua, wengi wao Wanyakyusa walioteremka kutoka Rungwe. Watu wote hao walihitaji sukari, chumvi, mablanketi, majembe, taa za chemli na nguo. Reli ilikuwa mbali. Mzigo ulishushwa Dodoma na kupakiwa kwenye malori yaliyopanda Iringa, yakapita Mafinga na nyanda za Usangu hadi Mbeya, na masika yakikolea yalikwama njiani kwa siku kadhaa. Mwenye duka Mbeya hakuwa na fedha ya kununua mzigo wote huo kwa taslimu. Alichukua mali kauli kutoka kwa tajiri wa Iringa au Dar es Salaam, ambaye naye aliichukua kwa mwingine, na dhamana ya mnyororo mzima ilikuwa undugu, madhehebu na neno la mtu. Ukilinda neno lako, unaletewa mzigo mwingine. Ukilivunja, habari inafika Dar es Salaam kabla yako.

Kitu kinachosahaulika ni kwamba Mwafrika alifungiwa nje ya mnyororo huo kwa sheria. Mwaka 1931 serikali ya Tanganyika ilipitisha sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika deni mahakamani bila kibali cha serikali. Walisema ni kumlinda mwenyeji asifilisiwe na wakopeshaji. Matokeo yake yalikuwa kwamba mfanyabiashara wa Kinyakyusa au wa Kihehe aliyetaka kufungua duka alitakiwa kuanza na fedha mkononi katika biashara ambayo hakuna mwingine aliyeianza hivyo. Ongeza mipango miji ya kikoloni iliyogawa mji kwa madaraja: Uzunguni juu kwenye miteremko ya Loleza, penye bustani na nafasi, Uhindini katikati, penye biashara na ujenzi wa kudumu, na Waafrika pembeni, penye nyumba ambazo serikali ingeweza kuziondoa wakati wowote. Kwa hiyo Uhindini haukuwa mtaa ambao Wahindi waliuchagua na Waafrika wakaukataa. Ulichorwa kwenye ramani, ukaandikiwa masharti ya tofali na bati, kisha ukanyimwa aliyekatazwa kukopa tofali na bati. Anayesema leo kwamba mtaa ule "hautuhusu" anarudia, bila kukusudia, mstari uliochorwa na ofisa wa ramani wa Kiingereza.

Na hata hilo jina linaficha mengi. Ndani ya Uhindini walikaa Waismailia, Mabohora, Wahindu wa Gujarati, Masingasinga waliokuwa maseremala, waashi na wenye malori, Wagoa wa ofisini, Waarabu na Wasomali wa hapa na pale. Mabaluchi waliopita mtaani humo ndio walioingia Usangu na kuanzisha kilimo cha mpunga cha umwagiliaji kule Rujewa, na mchele tunaousifia leo kuwa wa Mbeya una alama ya mifereji yao. Na barazani, mbele ya kila duka la vitambaa, alikaa fundi cherehani Mwafrika. Kitambaa kilinunuliwa ndani, kikakatwa na kushonwa nje, mteja akaondoka amevaa. Bila fundi yule duka lisingeuza. Bila duka fundi asingekuwa na pa kukaa. Historia ya mtaa isiyomhesabu aliyekaa barazani ni historia ya nusu ya nyumba.

Nyumba yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Kiwanja ni chembamba kwa mbele na kirefu kwa nyuma. Kuta za pembeni ni za ushirika: ukuta wangu wa kulia ndio wako wa kushoto, na hivyo safu nzima inaokoa tofali. Mbele kuna baraza lenye nguzo, na mabaraza yameunganika, kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka mvua za Mbeya zinapokatika mwezi wa tano, mtu anaweza kutembea sehemu kubwa ya mtaa bila kulowa. Baada ya baraza ni duka, upana wa mlango mmoja au miwili. Nyuma ya duka ni stoo, kisha vyumba, kisha ua wenye jiko, bomba na choo, na mwisho kichochoro cha nyuma kilichopitisha wazoa taka. Duka, ghala, nyumba na karakana vyote chini ya bati moja. Mwenye mtaji mdogo halipi kodi mbili, ya kulala na ya kuuzia, wala halipi mlinzi, kwa kuwa yeye ndiye analala na mali yake. Nani alibuni umbo hili sijali sana. Ninachojali ni kwamba ni mashine ya kumweka mtu wa kipato kidogo katikati ya mji, na mpaka leo hatujatengeneza nyingine iliyo bora.

Sasa 1971. Sheria ya kutwaa majengo ilichukua jengo lolote lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi ambalo mwenyewe hakuwa akilikalia lote. Nchi nzima yalichukuliwa karibu majengo 3,000, na ingawa sheria haikutaja rangi ya mtu, wenye majengo hayo walikuwa karibu wote Wahindi. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa fidia. Katika mantiki ya Azimio la Arusha hilo lilikuwa jambo moja na kukataza viongozi kupangisha nyumba: kodi ya pango ilihesabiwa kuwa unyonyaji. Nakubali msingi wake. Lakini tuseme ukweli pia: katika miji midogo ya Nyanda za Juu Kusini, baadhi ya "mabepari" hao walikuwa wajane waliokula kwa kodi ya vyumba vya uani. Nyumba zilikwenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi ya Msajili ikaunganishwa na ya Shirika la Nyumba la Taifa. Zilizokuwa chini ya kiwango, au zilizokaliwa zote na wenyewe, hazikuguswa. Ndiyo maana katika safu moja ya ukuta wa ushirika unaweza kukuta mlango wa Shirika, mlango wa mtu binafsi, kisha mlango wa Shirika tena. Anayetaka kubomoa safu hiyo afikirie kwanza ule ukuta wa katikati ni wa nani.

Baada ya hapo ilikuja mikiki ya miaka ya 1970: biashara ya jumla ikawekwa chini ya mashirika ya umma, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ujamaa yachukue nafasi. Wengi wa jamii ya Kihindi waliondoka. Milango ya Uhindini haikubaki imefungwa, hata hivyo. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, waliokuja kuijaza kwa wingi, Mbeya kama ilivyokuwa Makambako na Iringa, walikuwa wafanyabiashara wa Kikinga kutoka Makete. Kijana analetwa mjini na mjomba wake, anafanya kazi dukani miaka kadhaa kwa chakula na malazi, akionekana mwaminifu anakabidhiwa mtaji au mzigo wa mali kauli na kutafutiwa fremu yake. Ukimsimulia mzee wa Kiismailia utaratibu huo bila kutaja kabila, atadhani unamsimulia habari za baba yake. Duka lilibadilisha lugha ya nyumbani, lakini umbo la nyumba na umbo la biashara vilitambuana mara moja. Huu ndio urithi ninaousema, na hauko kwenye nakshi za saruji juu ya paa.

Wanaotaka kubomoa wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Nzito kuliko zote ni ya ardhi. Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279 katika sensa ya 2012 na 541,603 katika ya 2022. Mji unaokua hivyo kubaki na nyumba za chini katikati yake ni kusukuma watu milimani na mabondeni. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba nyaya nyingi ndani ya nyumba hizi zinatisha, kwamba dari la mbao kuukuu linaloungana na la jirani ni njia ya moto, na kwamba mifereji ya uani ilichimbwa kwa familia moja, si kwa sita. Hoja nyingine ya haki ni kwamba kitovu cha biashara kimehama: anayetafuta bei ya jumla leo anakwenda Mwanjelwa na Kabwe, karibu na barabara kuu ya Zambia. Sitayapuuza haya.

Hoja ya mapato, ile ya kwamba nyumba hizi haziingizi kitu, inahitaji kuchunguliwa zaidi, kwa sababu inachanganya nyumba na mkataba. Nyumba inaingiza fedha nyingi. Swali ni mfukoni mwa nani. Mwenye jina kwenye mkataba analipa kodi ya zamani au inayokaribia ya zamani, kisha anampangisha mwingine kwa bei ya soko, na juu yake anadai kilemba, fedha ya kupewa ufunguo ambayo haina risiti. Shirika limepigana na upangishaji huu wa mgongoni kwa miaka na haujaisha. Niliwahi kupanga chumba cha uani katika nyumba ya namna hii. Kodi nilimlipa mtu aliyemlipa mtu. Mwenye mkataba sikuwahi kumwona, niliona daftari lake tu. Tofauti kati ya kodi ya mkataba na kodi ya mtaani ndiyo fedha ambayo umma unaambiwa haipo. Kubomoa nyumba ili kuipata ni kama kuvunja gunia kwa sababu limetobolewa na panya. Mkataba ungeandikwa kwa jina la aliyeko nyuma ya kaunta, kwa bei ya leo, sehemu kubwa ya "hasara" ya Uhindini ingetoweka kabla ya tingatinga kuwashwa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi vijiweni, ni ile ya majengo ya wageni. Twende Iringa kidogo. Boma la Iringa lilijengwa na Wajerumani karibu na mwaka 1900, miaka miwili hivi baada ya Mtwa Mkwawa kujiua Julai 1898 ili asikamatwe nao. Kama kuna jengo lenye sababu ya kuchukiwa na Wahehe ni lile. Tulilifanya nini? Lilikarabatiwa, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa, na watoto wa shule wanapelekwa kulitembelea. Ni uamuzi mzuri, na sikumsikia mtu akisema ni jengo la wageni libomolewe. Basi iweje ngome ya aliyetushinda vitani iwe historia yetu, na duka alikonunua bibi kitenge chake cha kwanza liwe la wageni? Nadhani jibu si la kihistoria. Boma linaonekana kama dola, na dola tunaiheshimu hata iliyotupiga. Duka linaonekana kama mtu aliyetupunja.

Lakini wanaotetea uhifadhi nao wana udhaifu wao. Kuegemeza kila kitu kwa mtalii ni kuegemea ukuta usio na msingi. Mtalii wa Ruaha analala Iringa usiku mmoja, na Mbeya mara nyingi anapita. Mradi mkubwa wa utalii wa Kusini, ule wa dola milioni 150 ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha 2017, ulifutwa mwaka 2024 baada ya malalamiko ya wananchi wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha. Mtaa uliosubiri fedha za namna hiyo ungekuwa bado unasubiri. Sheria nayo haisaidii sana: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863, na katika Mbeya au Iringa mjini hakuna hata moja. Ya baadaye yanahitaji tangazo la waziri, na tangazo la namna hiyo hulinda jengo, si aliyemo ndani. Tukiishia hapo tutapata kile tulichokwisha kukiona kwingineko: nguzo zimepakwa rangi, ndani kuna mgahawa wa bei ya juu, fundi cherehani ameondolewa barazani kwa kuwa anaharibu mandhari. Huo si uhifadhi. Ni ubomoaji ulioacha ukuta.

Ghorofa halina ubaya. Kinachopotea mara nyingi ni mlango wa barabarani. Muulize dalali yeyote wa mjini: fremu ya chini inagombewa kwa kilemba, ya ghorofa ya kwanza inabembelezewa wateja, ya pili inapangishwa kuwa ofisi au stoo. Viwanja kumi vyembamba vikiunganishwa kuwa kimoja, milango kumi inakuwa geti moja, na wale kumi wanaambiwa wapande ngazi. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 na jipya likajengwa kwa mkopo wa benki, somo lililokuwa wazi ni hili: deni la ujenzi hulipwa na mpangaji, na mpangaji anayeweza kulilipa mara nyingi si yule aliyeunguliwa.

Kwa hiyo masharti ambayo Jiji na Shirika wangepaswa kuyaweka ni ya vipimo kuliko ya nakshi. Viwanja visiunganishwe kwa mbele. Anayetaka kwenda juu aende juu kwenye upana uleule, au ajenge uani, ambako kuna nafasi ambayo leo ina mabanda tu. Baraza libaki njia ya umma na pa kukaa fundi, liandikwe kwenye ramani hivyo. Ukuta wa ushirika ukaguliwe na mhandisi kabla ya mlango wowote wa safu kuguswa, na umeme ufumwe upya sasa, maana moto hautasubiri ubia. Sura ya mbele inaweza kubadilika, hata bati likiondoka sitalia.

Na kabla ya haya yote ifanywe kazi moja ya kuchosha isiyohitaji mwekezaji: mtu apite mlango kwa mlango na daftari lenye safu mbili, jina lililo kwenye mkataba na jina la anayefungua kufuli asubuhi. Pale ambapo majina hayo mawili hayafanani ndipo fedha ya umma inapovujia, na huyo wa safu ya pili ndiye atakayeondolewa bila barua yoyote siku tingatinga likija, kwa sababu kwenye karatasi hajawahi kuishi pale.